Mjomba wa Mezani: Choma, bia, na hii bili nani analipa?

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka upande wetu, Kisumu, Nakuru, Kakamega, na sijui kama ni njaa ama ni mwisho wa mwezi lakini karibu zote zinauliza mambo ya kukaa meza moja kwa jointi mkikula na mkikunywa. Nimechukua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu juu najua nyinyi wengi mko na shida hio hio, mnaona tu aibu kuandika.

*Mjomba, habari ya masiku. Mimi ni mweka hazina wa grupu yetu ya ofisi hapa Kisumu, tuko watu kumi na wawili, na mshahara ukiingia tunapenda kutoka lanchi mahali penye kuna nyama na bia. Mwezi uliopita kila mtu aliagiza venye anataka, bili ikakuja tukaigawanya kwa kumi na mbili. Sasa wale hawakunywi wakanuna juu wamelipia bia za wenyewe, halafu kuna jamaa alikunywa kutoka saa nane mpaka giza akapanda bodaboda kabla bili ifike, mimi ndio nikabaki nikijazia. Saa hii wanataka tuende tena Jumamosi. Nyama kilo ngapi inatosha? Tukule mbuzi ama samaki? Na bili tuigawe aje tusikosane?*
*Mweka Hazina Amechoka, Milimani, Kisumu*

Pole omera. Kushika pesa za watu wenye wamekunywa ni kazi haina asante. Lakini venye nasoma barua yako, shida yenyu haikuanza bili ikikuja, ilianza ile dakika mlikaa chini kila mtu akaanza kuita weita kivyake. Kugawanya kwa kumi na mbili ni haki kama wote wamekula sawa na wamekunywa sawa, na meza kama hio mimi bado sijaiona hapa Kisumu.

Tenganisha. Chakula kiwe cha wote na kilipwe sawa, kinywaji kila mtu abebe chake. Pesa ya chakula itumwe kwa simu yako kufikia Alhamisi, uandike kwa grupu majina ya wenye wametuma (si ya wenye hawajatuma, hio italeta vita), halafu Ijumaa jioni unapigia jointi unaagiza kulingana na hao. Mwenye atatokea bila kutuma anakaribishwa vizuri tu, lakini sahani yake anajiagizia. Watakuita mkali. Wacha wakuite.

Kwa vinywaji, mwambie weita mkikaa tu, kabla chupa ya kwanza ifunguliwe, kwamba kila mtu analipa akiletewa. Mteja akilipa kwa till ya Lipa na M-Pesa hakatwi hata shilingi, kwa hivo ile hadithi ya "wewe lipa ntakutumia kesho" haina miguu. Jointi zingine hazipendi haya mambo ya kulipa moja moja juu weita anazunguka mpaka kichwa kinamuuma, basi hapo fungueni bili mbili, moja ya wenye wanakunywa na ingine ya soda na maji, na chupa tupu zisitoke kwa meza mpaka hesabu iishe. Wageni wakiona meza imejaa chupa tupu hudhani weita ni mvivu, kumbe zimewachwa hapo makusudi, mkibishana mnazihesabu tu. Weita mwenye anaharakisha kuondoa chupa mimi humwangalia mara mbili.

Na yule wa bodaboda akitokea Jumamosi, alipe ya mwezi uliopita kwanza, hapo hapo mbele ya watu, ndio apewe kiti.

Sasa nyama. Bucha inapima nyama mbichi na mfupa ndani, na moto ukimaliza kazi yake ile kilo si kilo tena, maji yameenda na mafuta yamedondokea makaa. Mtu na njaa yake anaeza maliza nusu kilo peke yake kama hakuna kitu ingine mezani, lakini mkiwa na ugali, sukuma ama osuga (mnavu), kachumbari, na samaki hapo kando, kilo moja watu watatu wanashiba. Kwa hivo kilo nne, na uongeze nusu juu lazima kuna mtu atakuja na rafiki. Enda kwa kaunta ya bucha wewe mwenyewe, usitume weita, uone mzani ukianza kwa sufuri na uchague sehemu. Mbavu ni tamu sana kwa moto lakini unalipia mfupa mwingi, mguu wa nyuma ndio uko na nyama. Mimi huigawa, mbavu zinaenda choma na mguu unaenda kwa sufuria, ukaangwe na nyanya na dania ubaki na mchuzi kidogo, juu kula ugali na nyama kavu tupu saa saba mchana na hili jua la Kisumu ni kujiadhibu. Na chumvi iwekwe kwa ubao kando, kuna watu kwa hio grupu wana presha na hawajawaambia.

Choma ya mbuzi ikifanywa bila haraka inakula karibu saa nzima kwa moto, na mkiwa wengi inazidi. Wale hufika saa saba na nusu ndio wanaanza kuagiza huishia kunywa na tumbo tupu wakingoja nyama, na hapo ndio zile bia za kukosanisha watu huingia.

Tena kuna hii ya masaa, wengi huisahau. Kwa ile sheria ya vileo ya 2010, yenye mpaka leo tunaiita sheria ya Mututho juu ya John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, baa ya kawaida inafaa kuuza kutoka saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku siku za kazi, na wikendi na sikukuu inaanza saa nane mchana. Mahali penye leseni ya mkahawa ama hoteli ni hadithi ingine, pale bia inaeza kuja na chakula chako, lakini uliza kabla hujapeleka watu kumi na wawili wakaangaliwe na askari. Mimi naona hayo masaa yanakusaidia. Nyama iingie kwa moto saa sita, mkae saa saba, mkule taratibu, saa nane bia ya kwanza ikifunguliwa kila mtu tumbo limejaa na anakunywa polepole. Hio ratiba inapunguza bili kuliko mkutano wowote mtaitisha.

Lakini mbona Jumamosi? Watu kumi na wawili hapa kwetu na hakuna Msabato hata mmoja? Siamini. Msabato hatakwambia kwa grupu, atasema tu ako na shughuli, na atakuwa ametuma pesa ya chakula juu hataki kuonekana vibaya. Jaribuni Jumapili watu wakitoka kanisa, ama mngoje sikukuu. Na kama kuna Muislamu kati yenu, uliza bucha nani amechinja, na muangalie kama nguruwe inachomwa kwa wavu huo huo.

Mbuzi ama samaki? Vyote, we uko Kisumu. Mkitaka kuona ziwa mkikula nendeni Dunga, hapo unachagua samaki wako mwenyewe na kukubaliana bei kabla haijaingia kwa mafuta, juu samaki akishakaangwa bei nayo huwa imepanda. Fungua mashavu, yakiwa mekundu ndani na jicho linang'aa limetokeza, huyo ni wa leo. Jicho likiwa limezama na limekuwa jeupe, mrudishe bila huruma. Siku hizi tilapia wengi ni wa kufugwa kwa vizimba huko huko ziwani, na kuna wengine wanakuja wamegandishwa kutoka China, kwa hivo uliza waziwazi kama ni wa ziwa, wa kizimba ama wa boksi, na bei ifuate jibu. Mbuta (wengine humuita sangara) ni mkubwa, anauzwa vipande, nyama yake nono na hana ile miiba midogo ya kukwama kooni, ndio anamfaa mgeni wa Nairobi. Mbuta mwenyewe ni mgeni pia, aliwekwa ziwani miaka ya 1950 na akamaliza samaki wadogo wengi waliokuwa humo, lakini hio usianze kuongea mezani juu kuna mzee atawafundisha mpaka jioni.

Mwenye ameleta gari na amekunywa, funguo iwachwe kaunta. Tuktuk zimejaa nje.

*Mjomba, nimeanza kazi juzi juzi hapa Nakuru. Jumamosi tukitoka ofisi tunaenda kula tumbukiza, tuko watano, na wenzangu wanakunywa kwa raundi. Mimi sikunywi pombe, nakunywa soda ya Stoney. Ikifika raundi yangu wananiambia ninunulie meza yote bia, nikikataa naonekana mchoyo na mimi ndio mgeni. Nifanye nini?*
*Dada wa Stoney, Nakuru*

Dada yangu, hebu tupige hesabu ya hio raundi. Mko watano, kila mtu akinunua mara moja, wale wanne wamekunywa bia tano tano na wewe umewekewa Stoney tano mbele yako. Nani anakunywa Stoney tano? Moja utamaliza, ya pili utakunywa kwa heshima, zingine zitabaki hapo zikipoa gesi, na wewe umelipia bia nne. Raundi ilitengenezewa watu wenye wanakunywa kitu kimoja kwa mwendo mmoja. Hata wanywaji wenyewe haiwafai sana, juu mwendo wa meza unakuwa wa yule mwenye haraka, na ukiangalia chupa utaona Tusker ni asilimia 4.2 na Guinness ya hapa ni 6.5, halafu wote wanaambiwa "maliza, raundi imefika." Nusu lita mara tano ni lita mbili na nusu, mchana, na kesho yake kuna kanisa.

Usingoje raundi yako ifike ndio ukatae, hapo ndio unaonekana mchoyo kweli. Sema mkikaa tu, kabla mtu hajaagiza: "Mimi siko kwa raundi, lakini supu ya leo ni yangu." Supu inakuja mapema, kila mtu anakunywa, kila mtu ameona ni wewe, na bei yake haikaribii bia nne. Wiki ingine lipa kachumbari na ugali. Mtu mwenye amechangia chakula hakuna mtu humuita mchoyo, watu husahau bia haraka sana lakini supu nzuri wataiongelea Jumatatu.

Kuna mmoja atasema "kunywa hata moja tu, itakuingiza kwa timu." Mcheke, ugeuke uongeleshe mwingine. Usieleze sababu, ukianza kueleza sababu umefungua mjadala na mjadala na mtu ako bia ya tatu hauishi. Na akiendelea wiki baada ya wiki, huyo si mambo ya lanchi tena, huyo anakusumbua kazini na uko na bosi.

Kwa tumbukiza sina neno, mimi ni mtu wa choma lakini na baridi yenu ya Nakuru naelewa kabisa. Nyama, viazi, karoti, kabeji, hoho, vyote vinachemkia sufuria moja mpaka mchuzi unakuwa mzito. Ombeni tu sufuria ikuje mezani na kifuniko, mjipakulie wenyewe. Ikishapakuliwa jikoni huwezi jua vipande vizuri vilienda wapi.

*Mjomba, mulembe. Baba mkwe anakuja mjini Kakamega na wazee wawili, tunataka kuongea mambo ya nyumbani, na nimefikiria niwapeleke lanchi mahali fulani wanapika kuku kienyeji safi na kuna bia. Mzee anakunywa. Mimi pia nakunywa. Naeza kunywa mbele yake? Na mama mkwe nasikia anataka kukuja pia.*
*Mkwe Mpya, Kakamega*

Mulembe muno. Anza na mama mkwe juu hapo ndio unaeza haribu kila kitu. Nyumba nyingi za Waluhya, na za Wajaluo pia, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi meza moja kula, wengine hata kusalimiana kwa mkono hakuna. Nyumba zingine siku hizi zimelegeza. Usikisie, uliza bibi yako leo, si asubuhi hio. Kama bado wanashika, tafuta jointi yenye iko na sehemu mbili, mama akae na bibi yako na dada zake upande ule, chakula kile kile, na chao kitoke jikoni kwanza. Usimpeleke meza iko karibu na spika.

Kuku. Piga simu asubuhi, kienyeji mzuri anakataa haraka, jogoo mkubwa anaeza kaa kwa moto saa mbili na bado anakushinda meno. Sema kabisa usiletewe wa gredi, yaani kuku wa kisasa, mzee atamjua kwa kumwangalia tu. Na imondo! Hapa sikuachi. Waambie jikoni wasiikate wala wasiipoteze, firigisi ikuje nzima kwa sahani, iwekwe mbele ya baba mkwe, wewe usiiguse hata akikusukumia mara ya kwanza. Nimeona jikoni za mjini zikikatakata kuku vipande kumi na vinane na imondo haionekani, sijui nani huikula huko nyuma, na mzee anakaa hapo anazungusha kijiko akitafuta, hasemi kitu, lakini ameandika. Ugali uwe wa wimbi kama wako nao, na mboga ya tsisaka (mgagani) ama mrenda kando.

Bia, mngoje aagize yeye. Wewe chukua soda. Akikuambia "chukua na wewe moja," hio moja unachukua, kwa glasi, polepole, na inabaki moja hata akiongeza zake nne. Asipokuambia, soda inatosha, utakunywa jioni na wenzako. Weita akiuliza "moto ama baridi," wacha wazee wajibu wenyewe, usiwajibie baridi kama unaagizia vijana wenzako, juu wazee wengi huku wanataka bia yao moto, yaani haijaguswa friji, walizoea kunywa zamani mahali hakukuwa na friji na hawaoni haja ya kubadilika. Mimi nawaunga mkono, bia ikiwa barafu huwezi sikia ladha, unasikia baridi tu.

Bili isifike mezani. Ukimaliza kula sema unaenda kunawa mikono, pitia kaunta, lipa yote na ya meza ya kina mama, na uache pesa kidogo kwa kaunta ya bia ingine moja moja. Nauli ya kurudi umpe mzee mmoja kati ya wale wawili, si baba mkwe mwenyewe. Mazungumzo ya nyumbani yafanywe kabla ya bia ya pili, zaidi ya hapo watakubali kila kitu na kesho hawakumbuki walikubali nini.

*Mjomba, tumebishana hapa Bungoma mpaka tukaweka dau la kilo moja ya mbuzi. Mimi nasema Tusker iliitwa hivo juu ya ndovu aliyeua mwenye kampuni. Rafiki yangu anasema ni mchoro tu wa kuuza bia. Wa tatu, yeye hana dau, anasema keg, ile bia ya pipa, inatengenezwa na mtama wa huku kwetu. Nani amesema ukweli?*
*Mwenye Njaa, Bungoma*

Wewe umeshinda. Kenya Breweries ilianzishwa 1922 na ndugu wawili Waingereza, George na Charles Hurst, na 1923 George akauawa na ndovu akiwa kwa uwindaji. Bia ikapewa jina la Tusker, ndovu mwenye pembe kubwa, na mchoro kwa chupa ndio huyo. Ajabu ni kwamba walimheshimu ndovu kuliko ndugu yao, lakini hayo ni mambo ya familia.

Wa tatu pia hajadanganya. Senator Keg ilitoka 2004, Kenya Breweries wakitaka kuvuta watu watoke kwa pombe za magendo wapate kitu cha bei ya chini, na inatengenezwa na mtama, mwingi wa wakulima wa huku Siaya, Homa Bay, Busia na kwingineko. Kiwanda chao cha Kisumu kilikaa kimefungwa miaka mingi kikafunguliwa tena 2019, kitengeneze hio hio keg.

Kwa hivo rafiki yako anunue kilo. Wa tatu hakuweka dau, asijiingize kwa nyama, mkimhurumia mpeni mchuzi.